Sura ya 4: Saruji Si Jibu la Kila Ukuta

Chukua mfuko wa saruji wa kilo 50, uugeuze, usome maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi huyapita wakikimbilia bei. Utakuta namba 32.5 au 42.5, na pembeni yake herufi N au R. Namba hiyo ni kipimo cha nguvu: ni mgandamizo ambao kipande cha majaribio, kilichofinyangwa kwa saruji hiyo na mchanga maalumu, hakina budi kuuhimili kikifikisha siku 28, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. R ni saruji inayowahi kupata nguvu siku za mwanzo; N inakwenda mwendo wa kawaida. Mara nyingi utaona pia CEM I au CEM II. CEM I karibu yote ni klinka iliyosagwa. CEM II imechanganywa na kitu kingine, kama majivu ya volkano au mawe ya chokaa yaliyosagwa.

Fundi atakwambia 42.5 ndiyo saruji yenyewe na hiyo nyingine ni ya lipu. Kwa nguzo na zege la ghorofa anasema kweli. Lakini kwa kulaza matofali, kupiga lipu na kumwaga jamvi la nyumba ya kawaida, 32.5 yenye majivu ya volkano inatosha bila wasiwasi. Tena inapoganda hutoa joto pungufu, hivyo lipu haipasuki upesi, na majivu yale huendelea kushikana polepole baada ya siku 28 kupita. Bei yake ni nafuu. Sababu kubwa ya kuichagua, hata hivyo, ni kwamba ina klinka pungufu.

Klinka ndiyo penye gharama. Ili kuipata, mawe ya chokaa na udongo wa mfinyanzi huokwa kwenye tanuri refu linalozunguka, mpaka joto lifike nyuzi 1450 za Selsiasi. Moto huo hula makaa ya mawe au gesi, na watu wengi hudhani uchafuzi wote unatoka hapo. Sivyo. Jiwe la chokaa lenyewe likiungua huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu lilipokuwa makombe na matumbawe ya bahari ya kale, na hewa hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya yote inayotoka kiwandani. Kwa hiyo hata kiwanda kikiendeshwa kwa umeme wa maji au wa jua, sehemu kubwa ya tatizo inabaki palepale. Kwa dunia nzima, saruji inabeba takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu.

Shimo la machimbo linaweza kufukiwa au kupandwa miti. Bamburi, kaskazini ya Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje katika machimbo ya kiwanda cha saruji, na leo wanafunzi huenda kutazama viboko na kobe mahali palipokuwa uwanda mweupe wa mawe matupu. Ni kazi ya kusifiwa. Ila hewa iliyokwisha kutoka kwenye tanuri hairudishwi na msitu wa machimbo mamoja.

Simwambii mtu aache saruji. Msingi unaokaa kwenye unyevu, lenta, nguzo, tangi la maji, shimo la choo: huko saruji haina mpinzani wa bei yake. Ninachokataa ni desturi ya kuifanya kipimo cha heshima, kwamba nyumba isiyo ya bloku basi ni ya maskini, hata pale ambapo bloku ndiyo inayompika mwenye nyumba kwa joto usiku kucha.

Na bloku zenyewe nyingi ni hafifu. Tofali la nchi sita lina urefu wa nchi 18, kimo cha nchi 9 na unene wa nchi 6; kwa ujazo ni kama lita 16. Mfuko wa saruji una ujazo wa karibu lita 35. Sasa piga hesabu. Mfyatuaji anayetoa matofali 25 kwa mfuko amezisambaza lita 35 hizo ndani ya lita 400 za tofali, yaani sehemu moja ya saruji kwa sehemu kumi na kitu za mchanga. Anayetoa matofali 50 amezisambaza ndani ya lita 800: moja kwa zaidi ya ishirini. Hilo la pili ni mchanga ulioshikana kwa heshima tu. Likikwaruzwa kwa msumari linamwaga unga, likidondoka kutoka usawa wa kiuno linagawanyika, na mvua za masika zikilikuta kabla ya lipu, kona zake zinaliwa. Mteja atalinunua hivyo hivyo kwa sababu limepungua bei. Kisha atatafuta namna ya kuficha udhaifu kwa lipu nene pande zote mbili za ukuta, na saruji aliyodhani ameiokoa itarudi kwa mlango wa nyuma, tena pamoja na malipo ya fundi wa lipu.

Halafu kuna suala la maji, ambalo naliona kubwa kuliko idadi ya matofali kwa mfuko. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Tofali lililofyatuliwa saa nne asubuhi na kuachwa kwenye jua la kando ya barabara linapoteza maji yake kabla ya saruji kumaliza shughuli, na likishakauka hivyo, kulimwagilia wiki ya pili hakurudishi nguvu yote. Linatakiwa kukaa kivulini au chini ya turubai, likimwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kuruka. Ukienda kwa wafyatuaji, usianze na tofali. Tazama ardhi iliyo chini yake. Ikiwa kavu yenye vumbi, muulize mwenye uwanja anapata wapi maji. Wengi wao si walaghai. Wananunua maji kwa dumu, na kila ndoo inayomwagwa juu ya tofali wanaiona ni faida inayozama ardhini. Ukiona mpira wa maji, matope na ukungu wa kijani kwenye mawe ya pembeni, hapo ndipo pa kutoa oda, hata wakikuzidishia bei kidogo.

Mchanga wa ufukweni usiruhusu uingie kabisa penye nondo. Chumvi yake hupenya zege na kuanzisha kutu, na kutu huvimba kuliko chuma kilichokuwapo, hivyo zege hupasuka kutoka ndani. Nyumba za ufukweni zinazoonyesha nondo nyekundu chini ya dari hazikuharibiwa na upepo wa bahari peke yake. Zaidi ya hapo sisemi lolote kuhusu ghorofa katika sura hii. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Kazi ya namna hiyo ni ya mhandisi mwenye sahihi, si ya kitabu.

Watu wa pwani walijenga miji ya mawe kwa karne nyingi bila mfuko hata mmoja wa saruji hii. Husuni Kubwa ya Kilwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Joseph Aspdin alipopata hataza ya saruji ya Portland huko Uingereza mwaka 1824, jumba hilo lilikuwa na umri wa kama miaka 500. Vifaa vyao vilikuwa vitatu: jiwe la matumbawe, chokaa na miti ya mikoko.

Jiwe lilikuwa la namna mbili. Lile la nchi kavu, la miamba ya matumbawe ya kale, lilivunjwa na kujazwa kwenye kuta nene pamoja na chokaa. Lile lililokatwa baharini likiwa bado hai lilikuwa laini kama lingali bichi, linakubali tezo na patasi, kisha huwa gumu likikauka. Humo ndimo mafundi walichonga mihrabu, vizingiti na vidaka. Chokaa ilitoka kwenye matumbawe hayo hayo: vipande vilipangwa juu ya rundo la magogo, vikachomwa mpaka vikawa vyeupe na vyepesi, vikamwagiwa maji, vikaachwa kwa miezi. Chokaa iliyozimwa hivyo hukaza kwa kufyonza hewa ya ukaa kutoka angani, ile ile iliyofukuzwa na moto, na hivyo hurudi polepole kuwa jiwe.

Mikoko ndiyo iliyoamua upana wa nyumba. Wafanyabiashara wa Lamu waliigawa kwa unene wake, kuanzia fito, pau na mazio hadi boriti na nguzo, na kila daraja lilikuwa na bei na kazi yake. Boriti ikivuka zaidi ya mita 3 hivi huanza kulemewa na dari ya mawe na chokaa, na ndiyo maana vyumba vya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni virefu na vyembamba. Ukienda kwenye nyumba kongwe za Omani na miji mingine ya Ghuba unakuta upana unaofanana na huo, kwa sababu miti ilisafiri na majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji yakirudi na upepo wa kusi. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982.

Tusiwapambe wazee kupita kiasi. Tanuri la chokaa lilikula kuni nyingi, na kuni zenyewe mara nyingi zilikuwa mikoko. Matumbawe hai yaliyokatwa yalikuwa ukuta wa bahari unaovunja mawimbi na malezi ya samaki. Mji mdogo uliweza kuishi hivyo. Jiji la leo likitaka kujijenga kwa matumbawe na boriti litamaliza mwambao kwa muda mfupi. Kwa nyumba mpya, basi, njia ile si ya kufuatwa. Kwa nyumba kongwe iliyopo ni lazima ifuatwe, na hapo ndipo tunapokosea zaidi.

Methali inatuonya tuzibe ufa kabla ya kujenga ukuta, lakini haikusema tuzibe kwa nini. Ukuta wa mawe na chokaa hupitisha unyevu: maji yanayopanda kutoka chini au kupenya kwa mvua huingia, kisha hutoka taratibu kupitia lipu ya chokaa na kukaushwa na upepo. Ukiupiga lipu ya saruji, umeufunga. Saruji ni ngumu na haipitishi, na inapopata ufa wa unywele inaingiza maji isiyoweza kuyatoa. Chumvi iliyomo ukutani hukusanyika nyuma ya lipu, hugeuka chembe ngumu na kuibandua kwa mapande. Ncha za boriti zilizozikwa ukutani huanza kuoza mahali usipopaona. Mwenye nyumba akiona lipu inaanguka anaongeza saruji nyingine, kali zaidi. Baada ya mizunguko kadhaa ya namna hiyo ukuta uliosimama miaka 200 unakuwa dhaifu kuliko kibanda.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Zanzibar lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jengo lile lilikuwa na maradhi mengi, na si haki kulibambikia sababu moja. Ila yeyote mwenye nyumba ya urithi Zanzibar, Mombasa, Lamu au Bagamoyo afanye jambo moja la bei ndogo kabla ya yote: apande juu ya paa na kuhakikisha maji ya mvua yanaondoka bila kugusa ukuta. Kisha aulize mahali inapopatikana chokaa iliyozimwa vizuri.

Turudi kwa yule anayepikwa usiku. Kifaa chochote kizito, iwe jiwe, bloku au udongo, humeza joto mchana na kulitoa baadaye. Ukuta wa bloku wa nchi sita hulichelewesha joto kwa saa nne au tano hivi. Jua la saa kumi alasiri likiupiga ukuta wa magharibi, joto lake linafika chumbani saa mbili au saa tatu usiku, mtu anapotandika kitanda. Dodoma hilo linaweza kuwa neema, kwa sababu usiku hewa ya nje inapoa sana na ukuta unapata nafasi ya kujipumzisha. Kuta nene za tembe za Wagogo na paa lake la udongo zilitokana na hali hiyo hasa. Njombe au Limuru, ambako baridi ndiyo adui, joto lililohifadhiwa linatafutwa. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mambo ni tofauti. Huko usiku haupoi vya kutosha, unyevu ni mwingi, na faraja ya mtu hutoka kwenye upepo unaopita mwilini. Ukuta mzito usio na kivuli hapo ni mzigo. Madirisha yanayotazamana, paa lililotokeza nje angalau nusu mita, baraza upande wa magharibi au mti mmoja wenye majani mengi, hivi vinashusha joto la chumba kuliko kubadili aina ya tofali. Kiyoyozi kinakuja mwisho, na kinapokuja kinakuta kazi ndogo.

Nasema hivi kwa kuwa vitabu vingi vya ujenzi bora husifu ukuta wa udongo kwamba ni wa baridi, kana kwamba sifa hiyo inasafiri na tofali kwenye lori. Haisafiri. Sifa ya kifaa hutegemea mahali kilipo.

Udongo wenyewe, hata hivyo, unastahili kurasa nyingi kuliko ninazoweza kuupa. Nyumba ya miti na kukandika imepewa jina baya na mchwa, panya na mvua za kusukumwa na upepo, na jina hilo mara nyingi lilistahili. Lakini udongo ukishindiliwa kwa mashine na kuongezewa saruji kidogo ni kitu kingine. Mashine ya kwanza ya mkono iliyoenea duniani, CINVA-Ram, ilibuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Baadaye zikaja zinazotoa matofali ya kufungamana, yenye ulimi na mfereji, yanayopangwa bila udongo wa kuunganishia isipokuwa kwenye mstari wa kwanza na penye lenta. Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha vikundi kuyafyatua, na tofali lake lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Kenya na Uganda nako mashine za namna hii zinatengenezwa na kutumika, hasa kwenye shule na matangi ya maji.

Wauza mashine watakwambia tofali hili halina saruji karibu hata kidogo. Chukua kalamu. Ukilinganisha saruji iliyomo katika mita moja ya mraba ya ukuta, tofauti kati ya tofali la kufungamana na bloku iliyotengenezwa vizuri si kubwa kama matangazo yanavyodai. Uokoaji uko kwingine: hakuna udongo wa kuunganishia, lipu si lazima, mchanga wa mtoni haununuliwi, na malighafi inachimbwa kwenye kiwanja chenyewe, pengine kwenye shimo la choo ulilopaswa kulichimba hata hivyo. Mahali palipo mbali na kiwanda, ambako nauli ya lori inapandisha bei ya kila mfuko, hesabu hiyo inakuwa na uzito zaidi.

Kabla ya kununua au kukodi mashine, pima udongo wako. Chimba upite udongo mweusi wa juu wenye mizizi, kwa kawaida nusu mita au zaidi, mpaka ufikie ule mwekundu au wa kahawia. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60 na upana na kina cha sentimita 4 ndani. Kipake mafuta machafu ya gari ili udongo usigande. Loweka udongo, uukande mpaka ulegee, ujaze kisanduku ukiugonga ili hewa itoke, sawazisha kwa ubapa wa panga. Uweke juani siku tatu, au kivulini kwa wiki nzima, na usiache unyeshewe. Ukikauka utakuwa umesinyaa. Usukume wote upande mmoja, kisha pima pengo lililobaki.

Pengo likiwa la sentimita moja hivi, udongo wako una mchanga wa kutosha na sehemu moja ya saruji kwa sehemu 18 za udongo inaweza kutosha. Likikaribia sentimita 5, mfinyanzi ni mwingi. Saruji itapaswa kupanda hadi moja kwa 12, na hapo ni busara kuongeza mchanga kwenye udongo kabla ya kuongeza saruji. Udongo uliopasuka vipande vipande au kujikunja juu kama ubao uliolowa, achana nao. Na ule udongo mweusi wa mbugani, unaofungua nyufa kiangazi na kukwamisha magari masika, usijaribu hata kuupeleka kwenye mashine.

Nimependa kipimo hiki kwa sababu kinampa mwenye nyumba nguvu mbele ya fundi. Mtu mwenye kisanduku chake na rula hawezi kuambiwa tu kwamba udongo wa kwenu haufai.

Tofali la udongo lina adui wawili. Wa kwanza ni haraka: nalo linahitaji kumwagiliwa na kufunikwa kama la saruji. Wa pili ni maji ya chini na ya pembeni. Msingi wake uinuliwe juu ya ardhi, matone ya paa yasirukie ukuta, na upande unaopigwa na mvua ya upepo upewe lipu au baraza. Mafundi wasiozoea huharibu mstari wa kwanza; usipokuwa sawa kabisa, kosa la milimita chache linapanda na kila tofali, na ukifika usawa wa dirisha ulimi hauingii tena kwenye mfereji.

Matofali ya kuchoma nitayasemea kidogo. Ni mazuri, hayaogopi mvua, na Iringa au Mbeya ukuta wake mwekundu ni sura ya nchi yenyewe. Tatizo ni kuni. Tanuri la kienyeji hupoteza joto kubwa pembeni, na matofali ya nje hubaki mabichi; ukiyagonga yanatoa mlio wa bubu, wakati lililoiva linalia kama kengele. Sehemu zinazolima mpunga wachomaji hutumia pumba badala ya magogo, na hilo ni jambo la kuungwa mkono. Kabla ya kununua, uliza yalichomwa kwa nini. Jibu likiwa ni miti ya asili ya mlima unaouona kwa dirisha, maji ya kijiji chako yameingizwa kwenye bei.

Kwa paa, wengi wetu tumekwisha kuamua: ni bati. Makuti yana baridi tamu, lakini yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na moto wa jirani mmoja hula mtaa mzima. Kwa hiyo cha kujua ni kwamba geji kubwa ni bati jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni nyembamba zaidi. Msauzi, mgongo mpana na mgongo mdogo ni maumbo tu. Yanakwambia sura, hayakwambii unene. Karibu na bahari tafuta lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki, na usiache fundi alikate kwa msumeno wa umeme, maana cheche zake huchoma rangi na kutu huanzia hapo. Rangi nyeupe au ya fedha hurudisha jua. Nyeusi na ya damu ya mzee hulimeza. Chini yake acha nafasi ya hewa kutoka kwenye kona za juu, si dari iliyozibwa kila upande.

Mbao za kenchi chukua za paina zilizotiwa dawa. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill huko Mufindi unavunwa na kupandwa tena, na paina iliyotiwa dawa sawasawa haiguswi na mchwa. Mninga na mvule ni mbao za mlango au kitanda cha kurithisha. Kuzificha darini ni israfu, na mara nyingi hata kibali chake kina maswali. Mirunda ya kushikilia zege nayo isikatwe mikoko wakati mikaratusi ipo.

Kimebaki mchanga, ambao hakuna anayeuhesabu kwa kuwa unaonekana wa bure. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linakadiria kuwa dunia inatumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Kwenye mito ya msimu ya Ukambani na ya kanda ya kati ya Tanzania, mchanga ndio tangi: maji ya mvua hujificha ndani yake, jua haliyafikii, na akina mama huchimba visima kwenye mkondo miezi mingi baada ya mto kukauka juu. Lori likiondoa mchanga linaondoa na hifadhi hiyo. Kingo zinabomoka, nguzo za madaraja zinabaki zimening'inia, na visima vinakwenda chini. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya kulinda na kutumia mchanga mwaka 2015, baada ya ugomvi wa mitoni kugharimu maisha ya watu.

Kwa kazi nyingi za matofali na jamvi, vumbi la kokoto kutoka kwenye mashine ya kusagia mawe linaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga, na fundi anayelijua atakuonyesha kipimo. Penye ulazima wa mchanga wa mto, msimamishe dereva kabla hajamwaga. Muulize umetoka mto gani, mtake kibali na stakabadhi ya ushuru. Akikosa, mrudishe na lori lake.